Kwa wanafunzi wa ujenzi na upimaji: acheni kupika vipimo

Wanangu mnaosomea ufundi sanifu wa ujenzi, upimaji na uchoraji wa majengo, mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mbeya, Morogoro, Tabora na hata Zanzibar, nawasalimu. Najua wengi wenu mko fildi wakati huu, ndiyo maana naandika sasa, kabla hamjarudi vyuoni na ripoti zenu zilizofungwa jalada la plastiki.

Masika iliyopita niliitwa kuangalia mfereji wa maji ya mvua uliojengwa kuzunguka madarasa ya shule moja ya msingi. Kwa macho ulikuwa mfereji mzuri, umepigwa plasta, kingo zimenyooka. Iliponyesha mvua ya kwanza kubwa, maji badala ya kutoka yakarudi nyuma na kuingia kwa watoto wa darasa la kwanza. Madaftari yaliloa, watoto wakapandishwa juu ya madawati mpaka mvua ilipokatika. Nikaomba kitabu cha vipimo. Vimo vyote vilichukuliwa na vijana watatu wa fildi, na msimamizi wa mkandarasi aliweka sahihi chini ya kila ukurasa.

Kitabu kile kilikuwa kisafi mno. Kitabu kilichofika saiti kina tope, kina alama za jasho, kina namba iliyokatwa kwa mstari mmoja na nyingine kuandikwa juu yake. Kile hakikuwa na doa. Kila mzunguko ulifunga kwa sifuri, yaani ulirudi ulikoanzia bila kupishana hata milimita moja. Nikaanza kuzitazama namba za stafu, ile fimbo ya vipimo inayosomwa kwa darubini iitwayo levo: 1.450, 1.385, 1.520, 1.275. Ukurasa baada ya ukurasa zinaishia na sifuri au tano. Jamani, stafu haichagui. Ukiisoma kweli utapata 1.437, utapata 1.382, utapata 1.521, tarakimu ya mwisho itakuwa yoyote. Anayependa namba zilizonyooka ni mtu aliyekaa chini ya mwembe anabuni.

Nikawauliza BM mliyoanzia, yaani ile alama ya zege yenye kimo kinachojulikana, iko wapi. Wakanionyesha kwenye karatasi. Nikasema hapana, twendeni mkanionyeshe ardhini. Tulipofika hapakuwa na BM. Greda lililosawazisha uwanja wa shule lilikuwa limeing'oa wiki kadhaa kabla ya tarehe iliyoandikwa kitabuni. Wanangu wale walidai wamesoma stafu iliyosimama juu ya zege ambalo siku hiyo halikuwapo.

Niliwagombeza sana, lakini kilichoniuma ni jibu la mmoja wao. Aliniambia kwa heshima zote, "Lakini mzee, hesabu imekubali." Hakuwa mkaidi. Aliamini hivyo kutoka moyoni, na najua wapo wengi vyuoni wanaoamini kama yeye.

Basi nisikilizeni. Mmefundishwa kwamba jumla ya visomo vya nyuma (stafu ikiwa kwenye kimo unachokijua) ukitoa jumla ya visomo vya mbele (stafu ikiwa kwenye kimo unachokitafuta) lazima ilingane na kimo cha mwisho ukitoa kimo cha mwanzo. Ni kweli, na msiache kuifanya hesabu hiyo. Lakini inathibitisha jambo moja tu, kwamba umejumlisha na kutoa vizuri. Haijui kama stafu ilisimama wima au ililala. Haijui kama povu la pimamaji lilikuwa katikati, wala kama siku hiyo ulifika saiti. Namba za uongo zikijumlishwa vizuri zinakubali vilevile, tena zinakubali haraka kuliko za kweli.

Kinachoikagua kazi ni kurudi ulikoanzia, au kufunga kwenye BM nyingine inayojulikana kimo chake, kisha kutazama umepishana kiasi gani. Kwa kazi za kawaida za ujenzi, wengi wetu tumezoea kuruhusu milimita 12 mara kipeuo cha pili cha umbali kwa kilomita. Mzunguko wa kilomita moja unaruhusiwa kupishana milimita 12. Wa mita 250 unaruhusiwa 6. Tofauti hiyo imewekwa kwa sababu jua linachezesha hewa juu ya ardhi, tripodi inazama kidogo kwenye udongo laini, mshika stafu anachoka, jicho nalo lina mpaka wake. Mwanafunzi aliyepishana milimita 7 katika kilomita moja amefanya kazi nzuri. Anayefunga kwa sifuri mara moja, bahati ipo. Anayefunga kwa sifuri kila mzunguko, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, mimi simwamini, na nyie msimwamini.

Hapa nina neno na walimu wenu, na nalisema nikijua mzigo walionao. Mnapompa alama zote aliyefunga kwa sifuri, na kumkata aliyeleta milimita 9 za kweli, mnamfundisha mtoto uongo darasani kabla mkandarasi hajamfundisha saiti. Toeni alama kwa utaratibu. Ulizeni levo ilisimama wapi, nani alishika stafu, umbali wa kisomo cha nyuma ulikuwa mita ngapi na wa mbele mita ngapi. Aliyekuwepo atajibu bila kufikiri.

Umbali huo nautaja kwa sababu. Levo ikiwa na hitilafu, yaani mstari wake wa kuona unapanda au kushuka kidogo, kosa linakua kadiri unavyotazama mbali. Ukisimama katikati, umbali wa nyuma ukalingana na wa mbele, makosa mawili yanalingana na kufutana. Ukizembea ukasoma mita 15 nyuma na mita 70 mbele, kosa la mita zile zilizozidi unalibeba. Kabla ya kazi fanyeni jaribio la vigingi viwili. Pigilia vigingi umbali wa mita 60, simamisha levo katikati kabisa, soma stafu juu ya vyote viwili, chukua tofauti. Tuseme umepata 0.325. Sasa isogeze levo karibu na kigingi kimoja, soma tena. Ukipata 0.326 endelea na kazi. Ukipata 0.337, levo hiyo haifai mpaka irekebishwe, na anayekuazima akikwambia "ni nzima hiyo, piga kazi," mwonyeshe namba. Jaribio halifiki nusu saa. Nimekutana na wahitimu wa stashahada ambao hawajawahi kulifanya hata siku moja, ila wanaweza kukuelezea kwa maneno mazuri kwenye karatasi ya mtihani.

Na mkikosea kuandika, msifute. Kateni mstari mmoja ili namba ya zamani ionekane, andikeni namba iliyo sahihi juu yake. Mfutio hauna kazi kwenye kitabu cha vipimo.

Sasa michoro. Acheni kunakili nyumba za mtandaoni na kubadilisha jina la mteja. Mtoto mmoja alinionyesha ramani ya nyumba ya Dar es Salaam yenye dohani ya moto wa kuni sebuleni, madirisha makubwa yote yanatazama magharibi, na chumba cha kulala chenye dirisha upande mmoja tu. Kwa joto la pwani, nyumba ilazwe mashariki–magharibi ili madirisha yatazame kaskazini na kusini, na upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Hilo linaanza kwenye akili, kisha ndipo ArchiCAD, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Ngazi zihesabuni kwa mkono: kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa kukanyaga, ikaribie milimita 600. Someni udongo kabla ya kuchora msingi, hasa udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Jifunzeni kukadiria nondo kwa kichwa. Vaeni kofia ngumu. Wasalimuni mafundi na muwaulize, mficha uchi hazai. Yupo fundi asiyemaliza darasa la saba anayejua kufunga ringi za nguzo kuliko msimamizi wake.

Kupika hakuishii kwenye vimo. Kiubu za zege, yaani michemraba ya milimita 150 tunayoivunja siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu ya zege, zinatakiwa zitoke kwenye zege lilelile linalomwagwa kwenye nguzo. Kuna saiti wanakoroga ndoo yao pembeni, saruji nyingi, maji kidogo, wanajaza kiubu, halafu nguzo inapata zege la maji maji. Cheti cha maabara kinatoka kizuri. Kijana wa fildi ndiye anayetumwa kukoroga ile ndoo, kwa sababu hana sauti. Mwanangu, ukitumwa hivyo, kataa. Ukishindwa kukataa, andika kwenye logibuku yako zege lile lilichukuliwa wapi na saa ngapi.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, huku nchi nzima ikifuatilia waokoaji wanaozungumza na waliofukiwa chini. Sisemi wanafunzi ndio walioyaangusha. Nasema majengo husimamiwa kwa karatasi, na karatasi huandikwa na watu wa cheo cha chini kama nyie, zikapokelewa na wakubwa wasiotaka kwenda kuangalia. Sisi kama taifa tumezoea hivyo. Mwenye jengo anataka ghorofa ya ziada, anatafuta wa kumtilia sahihi, anampata. Makampuni yanapokea vijana wa fildi na kuwatuma chapati na vocha miezi miwili, mwisho yanawajazia fomu ya tathmini alama za juu. Vyuoni levo moja inashikwa na kundi zima, na yupo mtoto anayemaliza mwaka ameshika stafu tu, macho yake hayajawahi kuingia kwenye levo. Halafu tunashangaa ripoti za fildi zinauzwa stesheneri, jina likiachwa wazi.

Najua na yenu. Najua supu (kurudia mtihani) na disko (kufukuzwa chuo kwa kufeli) mnavyoziogopa, najua nauli ya kwenda saiti mnajilipia, najua mnapanga chumba kimoja watu wanne na kula mara moja. Najua mkandarasi anaweza kukunyima sahihi ukionekana mjuaji. Mzazi ameuza ng'ombe, hataki kusikia umerudishwa mwaka. Hayo yote nayaona na yananisikitisha. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na katika kazi yetu wanaokaa mwisho wa njia hiyo ni watoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo, aliyeko fildi leo na tayari amepika ukurasa, afanye hivi. Kesho awahi saiti kabla jua halijawa kali, wakati hewa imetulia. Aanze kwenye BM anayoweza kuigusa kwa mkono. Kama imeng'olewa, aombe kwa maandishi msimamizi amwonyeshe nyingine, na abaki na nakala. Apime upya, afunge, aandike alichopishana hata kama ni kikubwa, na ukurasa wa zamani asiuchane; aukate mstari na kuandika pembeni kwamba vipimo hivi havikuchukuliwa. Kisha ampelekee msimamizi kabla zege halijamwagwa.

Mzee wenu,
fundi sanifu mstaafu, Morogoro