Barua kwa mwanangu: Wanormani na ardhi ya watu

Mwanangu Zuhura,

Picha ya ngome ya York, huko Uingereza, nimeipata. Huo mnara wa mawe ulikuja baadaye sana. Cha William, mtawala wa Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa aliyeiteka Uingereza na kuwa mfalme wake, ni hicho kilima cha udongo kilichoubeba. Mji ulikuwa na mitaa saba, mmoja ukateketezwa kupisha ngome. Kule Lincoln zilikwenda nyumba 166.

Umeniuliza: Wanormani elfu chache, lugha ya wenyeji hawaijui, waliwezaje kuwakalia kichwani watu zaidi ya milioni moja? Najua darasani mtapelekwa Hastings, tarehe 14 Oktoba 1066, mwonyeshwe Harold, mfalme wa Waingereza, akianguka vitani mbele ya William. Vita ile iliisha siku moja. Kazi yenyewe ilikuwa ardhi, nayo ilichukua miaka 20.

Mashamba ya waliosimama na Harold yalitaifishwa. Wengine walilipa fedha ndipo wakaachiwa yao wenyewe. William akawagawia makabaila wake kwa sharti la kumletea askari wa farasi, nao wakawamegea watu wao, mpaka chini kabisa kwa mkulima, ambaye kwanza alime shamba la bwana ndipo aguse la kwake. Lakini usije ukaandika kwamba zamani ilikuwa raha mustarehe. Waanglosaksoni, yaani Waingereza wa kabla ya Wanormani, nao walikuwa na mabwana, na watumwa walikuwa nao wengi.

Krismasi ya 1085, akiwa Gloucester, William aliagiza nchi ihesabiwe: nani ana nini, na enzi za mfalme Edward, aliyemtangulia Harold, kilikuwa cha nani. Ndicho kitabu cha Domesday. Mimi niliyekaa baraza la ardhi la kata najua mtu anavyosimama kuonyesha mwembe aliopanda babu yake, kumbe karatasi ina jina la mwingine. Basi tafuta ukurasa wa Marsh Gibbon, jimbo la Buckinghamshire. Yumo mtu anaitwa Æthelric. Shamba lilikuwa lake. Sasa analikodi kwa Mnormani aitwaye William fitzAnsculf. Karani, ambaye kwa kawaida haandiki ila jembe, ng'ombe na shilingi, hapo ameongeza kwa Kilatini kwamba analishika kwa uzito na kwa unyonge. Nimekisoma kipande hicho mara nyingi kuliko habari zote za Hastings.

Wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 1069 kaskazini iliwaka, na William akajibu kwa kuchoma vijiji, nafaka na mifugo, watu wakafa njaa. Makarani walipopita 1086, kijiji baada ya kijiji huko waliandika neno moja: ukiwa, yaani mahame.

Kwingineko iliwatosha sheria. Mnormani akiuawa na muuaji asipatikane, tarafa nzima ilitozwa faini. Baadaye ikawa kila maiti anahesabiwa Mnormani mpaka watu wa pale wathibitishe kuwa ni mwenzao. Hebu fikiria ndugu wa marehemu wanakuja mbele ya hakimu, si kudai haki ya damu yao, bali kuapa kwamba huyu ni Mwingereza ili kijiji kisilipe.

Insha yako ianzie hapo, au kwa Æthelric, utakavyo. Hastings ipe aya moja tu.

Baba yako