Kwa Salma, juu ya picha za tumbo na umri wa mimba

Chake Chake, Pemba
Mfunguo Tano

Shoga yangu Salma,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, mama na watoto nyote hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi.

Ujumbe wako niliupata, na nimefurahi mno kusikia kwamba umepewa darasa la altrasaundi, ile mashine ya kupiga picha za tumbo kwa mawimbi ya sauti, kwa wanafunzi wa ukunga. Umeniuliza uanze na nini. Unasema wenzako wanakushauri uanze na fizikia ya mawimbi ya sauti, zifuate sehemu za mashine, kisha historia, na mama mjamzito aje mwisho. Nakuomba upindue mpango huo. Anza na suala moja: mimba hii ina wiki ngapi? Karibu kila utakachowafundisha kitapita hapo, na utafiti wa afya ya mama na mtoto unasimama au kuanguka hapo hapo.

Unajua mwenyewe tunavyohesabu. Ukimuuliza mama wa Micheweni siku zake za mwisho aliziona lini, si aghalabu akutajie tarehe. Atakwambia "tokea Maulidi", au "Mfunguo Saba ulipoandama", yaani mwezi wa saba baada ya Ramadhani, au "tulikuwa tukianika karafuu". Mimi siidharau hesabu hiyo hata kidogo. Mwezi unaandama mbele ya macho ya watu wote, na aliyekuwa akifunga Ramadhani mara nyingi anakumbuka vizuri zaidi, kwa sababu anazihesabu siku alizokula ili aje azilipe. Wanafunzi wako wafundishe kuuliza kwa kalenda hii kabla ya kushika mashine. Wengi wao wanatoka majumba yanayoitumia, lakini wakishavaa sare nyeupe huona haya kuitaja.

Tatizo liko kwingine. Yuko anayehesabu kuanzia mwezi alioona damu mara ya mwisho, na yuko anayehesabu kuanzia mwezi alioikosa; hapo wiki nne zimeshapishana. Yuko aliyebeba mimba huku ananyonyesha, hajaona siku zake tangu alipojifungua. Yuko aliyekuwa akichoma sindano ya uzazi wa mpango. Na yuko aliyetokwa na damu kidogo mimba ikiwa changa, akadhani ni hedhi. Tepu ya kupima kimo cha tumbo haituvushi, kwa kuwa mtoto mdogo wa miezi minane na mtoto mkubwa wa miezi saba wanaweza kutoa kimo kile kile.

Hapo ndipo picha inapotufaa. Historia usiiache, lakini iweke pahala pake. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walichapisha picha zao za tumbo mwaka 1958, na mwaka 1973, mji ule ule, Hugh Robinson akaonyesha kwamba ukipima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni katika miezi mitatu ya mwanzo, unaweza kuujua umri wa mimba kwa ukaribu wa ajabu. Kosa huwa siku tano hadi saba tu. Sababu ni kwamba miezi hiyo ya mwanzo watoto hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, mama awe mrefu au mfupi, awe Glasgow au Konde yetu ya Pemba. Baadaye kila mmoja hufuata njia yake: damu ya wazazi, chakula, maradhi, kondo la nyuma lililochoka. Ukimpima mama kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, kosa laweza kufika wiki tatu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Waeleze wanafunzi sababu hiyo, wasije wakakariri namba peke yake.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililonifanya niandike barua ndefu namna hii.

Unaikumbuka sindano ya deksamethasoni tunayompa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae. Katika nchi tajiri faida yake ilijulikana zamani. Ikaulizwa: je, itafaa na katika spitali na vituo vya nchi maskini? Jaribio kubwa moja, liitwalo ACT, lilifanywa Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistani na Zambia, na matokeo makuu yakachapishwa mwaka 2015. Watoto walikuwa karibu laki moja. Mama wengi hawakuwa na altrasaundi ya mapema, kwa hiyo umri wa mimba ulikadiriwa kwa siku za hedhi na kimo cha tumbo, na uzito mdogo wa mtoto ndio uliotumika badala ya wiki alizozaliwa nazo. Matokeo yaliwashtua watu. Watoto wadogo hawakupata nafuu, na ukiwachukua watoto wote pamoja, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa wengi zaidi palipotolewa sindano: 27.4 katika kila 1,000, dhidi ya 23.9. Wengi wa mama waliochomwa hawakujifungua watoto wadogo.

Kisha likaja jaribio la ACTION la Shirika la Afya Duniani, katika spitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani. Matokeo yake yalitoka mwaka 2020. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa altrasaundi, na walioingizwa ni wanawake wa wiki 26 hadi wasiotimiza 34. Kundi moja lilipata deksamethasoni, jingine sindano isiyo na dawa. Watoto waliokufa katika mwezi wa kwanza walikuwa asilimia 19.6 ya wale ambao mama zao walipata dawa, na asilimia 23.5 ya wale ambao mama zao hawakupata. Kwa kila mama 25 waliotibiwa, aliokoka mtoto mmoja ambaye bila dawa angekufa. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa faida ilishaonekana.

Si haki kusema kwamba tofauti yote ililetwa na altrasaundi. ACT lilifika hadi kwenye vituo vidogo, na ACTION lilikuwa spitalini ambamo mtoto njiti angeweza kuhudumiwa. Lakini, Salma, dawa ni ile ile. Bila kujua nani kweli yuko wiki ya 30 na nani yuko wiki ya 37, utamchoma asiyehitaji na kumwacha anayehitaji, kisha utakaa kuhesabu matokeo usijue unahesabu nini. Mwanafunzi anayeweka vibaya alama za kupimia kwenye kioo cha mashine hakosei karatasi tu. Kosa lake linaingia kwenye jawabu ambalo madaktari wa mbali watalitumia kwa mama wasiomjua. Hilo ndilo ninalotamani walisikie siku ya kwanza, kabla ya neno lolote juu ya mawimbi ya sauti.

Tena Pemba yetu haiko nje ya habari hii. Utafiti wa AMANHI, wa Shirika la Afya Duniani, juu ya afya ya mama na watoto wachanga, ulikuwa na kituo hapa kisiwani, sambamba na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistani. Wanawake wa Pemba walipigwa altrasaundi mapema, wakafuatwa nyumbani hadi wakajifungua. Katika kazi ya namna hiyo hiyo likachunguzwa suala linalotugusa sisi kila siku: mama anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza amechelewa, tumsaidieje? Ikaonekana kwamba ukipima upana wa ule ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa cha mtoto na kuujumlisha na urefu wa fupa la paja, unapata umri ulio karibu na ukweli kuliko vipimo tulivyozoea. Ubongo ule huendelea kukua hata mtoto akiwa amedumaa, ndiyo maana ni shahidi mzuri. Wanafunzi wako wajue kwamba elimu hii imetoka pia kwa mama zetu na shangazi zetu, waliokubali kulala kitandani na kupakwa jeli ya baridi kwa faida ya wengine.

Katika mazoezi, mimi ningewafuata wale watafiti wa INTERGROWTH-21st, utafiti wa nchi nyingi juu ya ukuaji wa mtoto tumboni. Walipima wajawazito katika miji minane, Maskati na Nairobi ikiwamo, wakachapisha mwaka 2014 viwango vya ukuaji ambavyo wengi tunavitumia. Kila kipimo kilichukuliwa mara tatu, kila mara kwa picha mpya, na mpimaji hakuonyeshwa namba kwenye kioo. Fikiria hekima yake. Ukiiona namba, mkono wako unavutwa kuelekea pale unapotarajia. Mama amesema wiki 28, nawe bila kukusudia unaisogeza alama mpaka mashine ikubali 28. Basi nawe funika namba kwa kipande cha plasta. Mwanafunzi apime fupa la paja mara tatu, mwenzake apime vilevile mtoto huyo huyo, kisha ndipo mfunue na kulinganisha. Wataona kwa macho yao mikono inavyopishana. Somo hilo halina gharama, na ndiyo mbegu ya utafiti wenyewe.

Na picha zihifadhiwe. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo picha zilifutwa kila mashine ilipojaa, na liliniuma sana. Picha peke yake haifundishi sana. Picha iliyoandikwa pembeni yake mambo yalivyokwenda inafundisha miaka. Kondo lililoonekana limeshuka kwenye wiki ya 20, lilipanda au halikupanda? Mtoto tuliyedhani amedumaa, alizaliwa na kilo ngapi? Bila jawabu hilo mwanafunzi anajifunza kubahatisha kwa sauti ya kujiamini.

Wala usiwafungie kwenye ujauzito. Kichocho kimefuatwa kwa altrasaundi hapa Pemba na Unguja. Kibofu cha mkojo huonekana ukuta wake umenenepa au una vinundu, na pengine figo imejaa maji kwa sababu mkojo umezibiwa njia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2000 mwongozo wa kuyasoma mabadiliko hayo kwa utaratibu mmoja, kufuatia mkutano uliofanyika Niamey mwaka 1996, ili mpimaji wa hapa na wa Niger waandike kitu kimoja wanapoona kitu kimoja. Mtoto akipewa praziquantel, dawa ya kichocho, mabadiliko hayo mara nyingi hurudi nyuma ndani ya miezi michache. Kipimo cha mkojo kinakwambia kama mayai yapo. Picha ndiyo inayokwambia mwili umeumia kiasi gani na umepona kiasi gani. Kwa mwanafunzi wa skuli za vijijini aliyekulia karibu na vijito, huo ni mfano anaoujua kwa majina ya watu.

Moja nakusihi uwe mkali nalo. Wanafunzi wana simu, na simu zina WhatsApp. Jina la mama, tarehe na namba ya faili huandikwa juu ya picha, na kisiwa hiki ni kidogo; kijana akiirusha usiku, asubuhi jirani anajua fulani ni mjamzito kabla mumewe hajaambiwa. Jina lifutwe, mama aombwe ruhusa kwa lugha anayoielewa, na akikataa apimwe kwa heshima ile ile. Wengi hukubali wakielezwa vizuri. Wanachoogopa zaidi ni mionzi, nawe utawaambia ukweli: hii ni sauti, haina mionzi ya eksirei.

Nitakutayarishia seti ya picha zisizo na majina, kila moja na habari ya ilivyoishia, uongozi wa hapa ukiniruhusu. Nawe ulizia huko kwenu barua ya ruhusa ya kuzitumia darasani, na uianze sasa hivi, maana barua hiyo ndiyo huchukua muda kuliko yote. Nitajie pia mashine mliyo nayo ni ya aina gani, nijue kama inaweza kuonyesha ubongo mdogo bila taabu. Siku ya mazoezi ya vitendo ukinambia mapema nitakuja na boti, inshallah, nishike kundi moja na wewe ushike jingine.

Nisalimie mama na wote wa nyumbani.

Wasalaam,
Shoga yako,
Asha