Jenereta letu: tukutane Jumamosi

Assalaam aleykum ndugu na dada zangu,

Jumamosi hii saa kumi na nusu, baada ya swala ya alasiri, tukutane palepale barazani Langoni tufundishane kuwasha na kuzima jenereta. Juzi harusini lilizimwa ghafla huku friji mbili na feni zote zikivuta umeme. Nilipolisogelea, joto lilinipiga usoni na oili ilinuka kuungua. Iliniuma sana, maana ni mali ya jasho letu.

Hadi siku hiyo, atakayelichukua naomba afanye hivi:

1. Pima oili kwanza. Ukishaliwasha, liache dakika tano bila mzigo, yaani bila chombo chochote kinachovuta umeme, oili ifike kila mahali na mngurumo utulie. Kisha ongeza vyombo kimoja kimoja.
2. Kabla ya kuzima, toa mzigo wote, liache lingurume dakika tano nyingine. Feni yake ndiyo inayopeleka joto nje. Ukizima ghafla, joto hilo linabaki ndani ya injini na koili, zile nyaya zinazozalisha umeme.
3. Petroli isitiwe lingali moto, kamwe.

Mchango ni shilingi 200 kila mmoja, wa oili mpya na plagi ya injini. Mpeni mhazini kabla ya Ijumaa.

Tafadhali jibuni hapa "Nitakuja" au "Sitaweza", mwisho Alhamisi usiku.