Makanisa msituambie tuache dozi, tupeni pa kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wachungaji, mapadri na waumini wenzangu, maana hili jambo la kuwaambia watu wanaoacha unga waache na dawa ya kliniki limenikaa moyoni muda mrefu.

Mimi nilikuwa teja. Sioni haya kulisema, mtaani kwetu Manzese wote wanajua. Nimetumia unga, yaani heroini, miaka saba, nilianza na kokteli, unga uliochanganywa kwenye msokoto wa bangi, nikaja kuishia kujidunga, nikauza simu, nikauza mpaka kitanda cha mama, dada yangu akanifungia mlango na kwakweli simlaumu, nikawa nalala kwenye mabaraza ya maduka pale Manzese Darajani, mchana naokota vyuma chakavu au napiga debe nipate hela ya kete ya unga. Watu wanadhani teja anatafuta raha. Ile raha iliisha zamani, unachotafuta ni kuikimbia arosto basi, yale mateso ya kukosa unga, mifupa inauma, pua na macho vinatiririka, unaharisha, jasho la baridi, usingizi hakuna.

Nimeombewa sana. Kwenye mikutano ya injili nilikuwa napita mbele nalia, na nilikuwa nalia kweli sio kuigiza. Sasa mkutano ukiisha saa mbili usiku watu wanakunja viti wanaenda kwao, mi naenda wapi? Narudi barazani, na barazani wenzangu wanao unga. Arosto haingoji ibada ya kesho.

Mungu alinitoa kwa mikono ya jumuiya ya mtaani, watu kama kumi na tano hivi wanaosali nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, alikuwa ananipa chai asubuhi na kuniuliza nimelalaje, basi, hajawahi kunihubiria. Siku moja akanishika mkono mpaka kwenye jumuiya yake, wakakubaliana nilale kwenye stoo ya mzee mmoja wa kanisa, chakula wakawa wanapokezana, na kijana mmoja akapewa kazi ya kunipeleka kliniki ya methadoni Mwananyamala kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, nauli anashika yeye maana mi mwanzoni ungenipa hela mkononi ingeishia kijiweni. Hiyo nauli walichangishana mia mbili mia mbili, na wale sio watu wenye hela jamani.

Kwa wasiojua, hii huduma ilianza Muhimbili mwaka 2011 na hailipiwi. Unakunywa dawa mbele ya nesi mara moja kwa siku, inakaa mwilini, arosto inatulia, akili inarudi. Mi neno la Mungu nilianza kulisikia vizuri nikiwa kwenye dozi, kabla ya hapo mtu ananisomea Zaburi na mimi kichwani napiga hesabu ya kete.

Uchungu wangu uko hapa sasa. Nilivyoanza kunawiri tulialikwa kanisa moja, sitalitaja, mi na mwenzangu tuliyeanza naye kliniki, tukaambiwa mkiendelea kunywa hiyo dawa mnaonyesha hamna imani, Yesu keshawaponya. Nikarudi kumuuliza yule mama, akanambia mwanangu, mi namezea presha kila siku na kwaya naimba, nenda kanywe dawa yako. Mwenzangu yeye aliacha siku hiyohiyo, akatoa ushuhuda, vigelegele vikapigwa. Wiki chache baadae arosto ilimshinda akarudi kijiweni akajidunga kipimo kilekile cha zamani wakati mwili ulikuwa umeshakisahau. Tulimzika. Msibani walisema malaria.

Wachungaji wetu, nawaomba kwa heshima zote, kabla hujamwambia mtu aache dozi nenda kliniki ukaongee na manesi. Ile dawa inapunguzwa kidogo kidogo na daktari, mi mwenyewe nilipunguziwa hivyohivyo mpaka nikamaliza, ilichukua muda mrefu na sijaona mahali imani yangu ilipungua. Yule Msamaria kwenye Luka 10 alimimina mafuta na divai kwenye majeraha, akampandisha mtu kwenye mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni dinari mbili na akaahidi akirudi ataongeza. Dawa, usafiri, pa kulala na hela. Makanisa mengi hapa Dar yana vyumba vimejaa viti vya plastiki na spika mbovu, chumba kimoja tu kikitolewa na godoro, na mtu mmoja wa kusindikiza kwa ile miezi ya mwanzo, yani kuna vijana wangapi wangetoka barazani? Na asibebeshwe mchungaji peke yake, akina mama wa jumuiya wakiambiwa wanaweza, mi nimewaona.

Saivi nachomelea mageti, dada yangu amenifungulia mlango na Jumapili nakula kwake. Kwenye ile stoo amelala kijana mwingine, ana miaka 19, ameanza kliniki wiki hii na bado anatetemeka. Zamu ya kumpeleka ni yangu, tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, na nauli yake ya wiki ijayo bado tunachanga.

Msomaji wako (jina nimeomba lihifadhiwe),
Manzese, Dar es Salaam