Krismasi njema kutoka Pasiansi, Mwanza, na habari ya gauni la mtu wa 41

Bwana asifiwe wapendwa, Krismasi njema kwenu wote, wa Mwanza, wa Geita, wa Dar na nyie mlioko mbali ambao mnatukumbukaga tu msimu wa maembe ukifika (tunawajua). Huku kwetu mvua imenyesha toka juzi, mawe yote mlimani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, maembe yamejaa mpaka watu wanagawa bure, na sisi ni wazima. Baba watoto bado anahangaika na dagaa wake pale Mwaloni Kirumba, watoto wamefunga shule kwa hiyo nyumba haikaliki.

Kawaida huwaga natupia salamu mistari miwili na picha ya familia basi. Mwaka huu nina jambo, mnivumilie.

Mliokua na mimi mnakumbuka nguo ya Krismasi ilivyokuwa na masharti. Ukiingia kumi bora unashonewa mpya, usipoingia unavaa ya mwaka jana, na kama imekubana shauri yako, ungesoma. Mi nimekulia hivo nikaona ndo malezi, nikayahamishia kwa wanangu bila hata kufikiria. Na si nguo tu jamani, hata Mungu tulimpeleka hivo hivo. Ukidanganya Yesu anakasirika, usiposali vizuri hakusikii, ukicheza kanisani anakuandika. Yaani mtoto anamjua Mungu kama mwalimu wa zamu, yule anayesimama getini na fimbo asubuhi kuangalia nani kachelewa.

Sasa mwanzoni mwa mwezi ripoti zimetoka. Binti yangu wa kati, ana miaka 9, kawa mtu wa 41. Nisiwadanganye, sikufurahi, ila nilikuwa nimeshanunua kitambaa Makoroboi, cha njano kama alivyotaka mwenyewe, na hela ikishatoka imetoka, kwa hiyo nikambeba na mdogo wake tukaenda kwa fundi. Fundi anatoa tepu ampime, mtoto karudi nyuma kakunja mikono. "Apimwe mdogo wangu, mimi sijafaulu." Hakuwa amenuna wala analia, aliongea kama mtu anayefuata utaratibu, si ndo sheria ya nyumbani kwao. Fundi akanitazama, mi nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Alipimwa mwishowe, kwa kubembelezwa. Tuko kwenye bajaji kurudi akaniuliza, "Mama, hivi kanisani Krismasi wale wa mwisho nao wanasherehekeaga?"

Daah. Mi ni mtu wa kwaya miaka yote hii, neema naiimba sauti ya pili mpaka koo linakauka, na mtoto wangu mwenyewe haijui. Na angeijuaje? Kitu pekee alichokuwa anapewa bure kwangu ni ugali, na hata huo kuna siku namsimangia.

Jioni nikamweleza baba yake. Yeye si mtu wa maneno mengi ya dini, lakini usiku umeme ulikatika tukawa tumekaa nje juu ya jiwe, na mnajua kwetu pale ziwa linaonekana lote. Ilikuwa giza, si unajua dagaa wanavuliwa usiku usio na mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti vizuri wavuvi wanapumzika. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola, ila ukitazama kwa mbali ni vile vile, unaona kama kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Binti akauliza kama wale Krismasi wanapewa likizo. Baba yake akacheka akamwambia dagaa hawajui Krismasi, kama ni giza watu wanaingia kazini. Halafu akaendelea, ndo hapo mwenzenu nikakaa kimya kusikiliza, akasema unajua Yesu alipozaliwa walioambiwa kwanza ni watu kama hao, wachungaji, watu wa kazi za usiku, wananuka mifugo kama mimi ninavyonuka dagaa, na malaika hakuwauliza ripoti, neno la kwanza aliwaambia msiogope. Habari ya furaha kuu, ya watu wote. Wote maana yake na wa 41.

Mtoto akawaza weee, tukajua sasa linakuja jambo zito. Akauliza, "Sasa walivyoenda Bethlehemu kondoo waliwaachia nani?"

Mpaka leo hatujampa jibu.

Toka siku hiyo tumebadilisha vitu vichache, si vingi. Nguo ya Krismasi haina masharti tena, sote watano, hata kaka mtu ambaye mwezi wa 11 alikula chenji ya mafuta ya taa akanywea soda na wenzake. Sasa msije mkasema huyu mama kawaachia watoto waote mapembe, hapana. Yule kaka aliosha vyombo wiki nzima na ile chenji kaifanyia kazi mpaka imerudi yote, na binti kila jioni anakaa na hesabu zake nusu saa, mezani, nikimtazama. Kuadhibiwa kupo. Kilichoondoka ni ile kumwambia kwamba Mungu kamgeuzia mgongo, maana hiyo nilikuwa naitumia kama fimbo ya akiba, fimbo yangu ikichoka naazima ya Mungu. Na kusema kweli nilikuwa naitumia zaidi siku ambazo mimi mwenyewe nimechoka au nimegombana na mtu huko.

Kilichonishinda kukizoea ni kuomba msamaha kwa mtoto. Juzi nimemfokea mdogo kwa maji yaliyomwagika, kumbe ni paka. Nikazunguka jikoni mara tatu ndo nikaenda kumwambia nisamehe mwanangu, nimekosea. Akasema "haya" akaendelea kucheza. Mi huku jasho linanitoka.

Sala ya jioni nayo tumeifupisha, zamani ilikuwa ndefu mpaka wawili wanalala wamepiga magoti, sasa ni wimbo mmoja wa kupiga makofi, kila mtu anataja kitu kimoja kilichomfurahisha leo, tunasali, kwisha. Ndoo za maji zinageuka ngoma. Kuna jirani kaniuliza kama hiyo ni ibada au bugobogobo, ile ngoma yetu ya Kisukuma, nikamwambia vyote. Sisi Wasukuma tena wa kuambiwa furaha mbele za Mungu ni dhambi? Pale Bujora, Kisesa, Padri David Clement, Mkanada wa watu, aliichukua ngoma ya Kisukuma akaiweka kwenye sikukuu ya Ekaristi, ndo Bulabo hiyo, yale makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, wanashindana kucheza na vumbi linapanda mpaka barabarani. Mimi si Mkatoliki ila nikipata nauli naenda, na watoto nawabeba.

Kesho tunavuka kwenda kwa bibi yao Sengerema. Siku hizi raha, daraja la Kigongo-Busisi kilomita 3 na kidogo unalimaliza hata wimbo haujaisha, wakati miaka yote tulikuwa tunasota foleni ya kivuko, na sikukuu ndo kabisa. Watoto wameshabishana nani atakaa dirishani. Bibi nina wasiwasi naye kidogo, maana yeye ndo aliyenifundisha ile ya mwalimu wa zamu, na nilipomwambia kwa simu kwamba mwaka huu wote wameshonewa alinyamaza, halafu akasema "haya, na huyo wa 41 mletee hapa nimchinjie kuku." Sijui alikuwa anatania. Alivyo bibi sithubutu kuuliza.

Basi wapendwa, kwa mliofiwa mwaka huu, kwa mnaokula sikukuu kwenye zamu hospitali ya Bugando au ziwani, kwa nyie ambao ada ya Januari imeshaanza kuwanyima usingizi kabla hata pilau halijaiva, tunawaombea na tunawapenda. Mkipita Pasiansi ingieni, maembe yapo, dagaa wapo, sato inategemea mfuko wa baba watoto umeamkaje. Wabeja sana, yaani asanteni.

Gauni la njano lilikuja jana jioni. Lina mifuko miwili, alimng'ang'aniza fundi mwenyewe. Saa hizi naandika namwona kalivaa anakimbia nalo uani, Krismasi hata haijafika, na kifuani limeshapata doa la embe kubwa kama kiganja, mi nimefungua mdomo nimeufunga tena.