Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira na Maliasili: tufungulieni mipaka ya vibali

Mheshimiwa Waziri,

Kwanza pole na majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu hili jambo si siri na wala si langu peke yangu, watu wengi wanaofanya kazi na ramani wanalisema kila siku kwenye magrupu yao halafu linaishia hapohapo. Mimi kazi yangu ni GIS, yaani kutengeneza na kuchambua ramani kwa kompyuta, nashinda na picha za setilaiti kutwa nzima, na ninachoomba ni kimoja tu: mipaka ya vibali vyote vinavyotolewa, vya kuvuna mbao, vya uchimbaji, vya kuchimba visima na kuchota maji, pamoja na mipaka ya hifadhi zenyewe, iwekwe wazi kama data ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua na kuilaza juu ya picha. Sio PDF, sio ramani iliyopigwa skani. Leya yenyewe, yaani tabaka la ramani ambalo kompyuta inaweza kulisoma, na kodineti zake, zile namba zinazoonyesha kila kona iko wapi duniani.

Najua ukiletewa hoja za teknolojia ya mazingira mara nyingi unaletewa hoja ya kununua kitu. Seva, droni, mfumo mpya, ukumbi wenye skrini kubwa ukutani. Mheshimiwa, picha tayari zipo na ni bure. Setilaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha dunia tangu 1972 na tangu 2008 kumbukumbu yao yote iko wazi, yaani leo unaweza kukaa ukaangalia msitu uleule ulivyokuwa miaka ya themanini na ulivyo sasa. Sentinel-2 za Ulaya zinarudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 5 hivi na zinaona mpaka mita 10, na wingu likifunga kuna Sentinel-1 ambayo ni ya rada, haijali wingu wala usiku. Moto ukiwaka, NASA wanatoa sehemu ulipo ndani ya saa 3 tangu setilaiti ipite. Programu ya kuchambulia hivi vyote, QGIS, haina leseni ya kulipia. Kwa hiyo macho tunayo, tena mengi.

Kinachokosekana hakionekani kutoka angani. Setilaiti inakuambia mti umeanguka, haiwezi kukuambia aliyeuangusha alikuwa na ruhusa.

Chukua tahadhari moja tu ya ukataji miti, zile zinazotolewa bure kwenye tovuti ya Global Forest Watch. Inakuja kama kajisanduku kadogo kwenye ramani, upande mmoja mita 30 au hata 10 kama imetoka kwenye rada, ina tarehe na kodineti. Askari wa misitu anaipakia kwenye simu kabla hajaingia porini kwa sababu huko netiweki hamna, anatembea nusu siku, anafika, anakuta visiki vibichi na magogo yamepangwa pembeni, na wakataji wenyewe hawakimbii, wanatoa karatasi ya kibali yenye muhuri na sahihi. Sasa hapo afanye nini? Kibali kimeandikwa jina la eneo na idadi ya hekta, labda na karamani kadogo kalikochorwa kwa mkono. Hajui kama amesimama ndani ya mpaka au nje. Mwenye kujua yuko ofisini mbali, faili liko kabatini, na mpaka jibu lije lori limeshaondoka. Teknolojia yote ile, kutoka angani mpaka kwenye kiganja cha askari, imekwama kwenye mstari mmoja ambao serikali inao lakini yeye hana.

Na huo mstari wenyewe jamani. Kwenye karatasi ya kipimo cha 1:50,000, mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25 za ardhi, kwa hiyo hata kabla hamjaanza kubishana wino peke yake umeshameza safu nzima ya miti. Halafu kuna lile tatizo la datumu, yaani msingi wa kupimia ambao kodineti zote za ramani zinahesabiwa kutoka kwake, ambalo watu wa ofisini hawapendi kulisikia: ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mifumo ya eneo husika, kwa mfano Arc 1960 iliyotumika Afrika Mashariki, wakati GPS ya kwenye simu inatumia WGS 84, ambayo ni datumu ya dunia nzima, na ukiweka moja juu ya nyingine bila kubadilisha, mpaka unahama karibu mita 300. Mita 300! Hapo mtu mwenye haki anaonekana mhalifu na mhalifu anaonekana yuko kwake. Kosa kama hili halionekani likiwa kwenye kabati, linaonekana siku data inapowekwa wazi na mtu anailaza juu ya picha na kusema mbona mto uko kulia na mpaka unaosema unafuata mto uko kushoto.

Kwenye maji ni hivyohivyo, pengine zaidi. Kuna zile setilaiti mbili za GRACE zilizorushwa 2002 na kumaliza kazi 2017, na warithi wao wawili waliorushwa 2018, zinafuatana angani kama kilomita 220 hivi na kupima badiliko dogo sana la umbali kati yao, maana sehemu yenye maji mengi chini ya ardhi ni nzito zaidi na inazivuta setilaiti kidogo zaidi. Ni kazi ya ajabu, tumejua kupitia hiyo kwamba mabeseni makubwa ya maji ya chini kama la kaskazini mwa India yanapungua. Lakini zinaona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja, haziwezi kukuambia kisima gani kinatoa maji kupita kiasi. Hilo linajulikana tu kwa daftari la visima: kiko wapi, kina kina gani, kimeruhusiwa kutoa kiasi gani kwa siku. Daftari hilo likiwa limefungwa, kipimo cha angani kinabaki habari ya kusikitisha ambayo hakuna anayeweza kuifanyia kazi.

Utaniuliza kama kuna mahali imewezekana. Brazil ilianza kutoa tahadhari za haraka za Amazon mwaka 2004 kupitia mfumo wao unaoitwa DETER, na tahadhari zikawa zinakwenda kwa watu wenye mamlaka ya kukamata na kutoza faini. Mwaka huo walipoteza zaidi ya kilomita za mraba 27,000 za msitu, kufika 2012 ilikuwa chini ya 5,000. Setilaiti peke yake haikufanya hivyo, kulikuwa na operesheni, na mikopo ya benki kukatwa kwa wakataji, na mengine mengi. Ushahidi wake ni kwamba kufika 2021 ukataji ulikuwa umepanda tena mpaka karibu 13,000, na setilaiti ziliendelea kupita juu kama kawaida, tena bora kuliko zile za mwanzo. Kilichobadilika ni nini serikali ilifanya na tahadhari. Walikuwa pia na daftari la mipaka ya mashamba binafsi ambalo liko wazi, na lina kasoro maana mwenye shamba anajichorea mwenyewe na wapo waliochora ndani ya misitu ya umma, lakini kwa sababu liko wazi hiyo hila imeonekana na watafiti wameihesabu. Indonesia nao mwaka 2016 walitoa amri ya rais ya ramani moja kwa kipimo cha 1:50,000, baada ya kuchoshwa na wizara kila moja kuwa na ramani yake na vibali kupandana.

Hapo kwenye kupandana naomba utulie kidogo Mheshimiwa. Leseni ya uchimbaji inatoka mlango mmoja, kibali cha msitu mlango mwingine, haki ya maji mlango wa tatu. Kila mlango una ramani zake na kila mmoja anaamini ardhi ile ni yake kuitolea kibali. Ukiwa na leya tatu, kujua zinapandana wapi ni kazi ya dakika chache kwenye laptopu ya kawaida, programu inakukatia vipande vilivyopandana na kukuambia hekta. Ukiwa nazo kwenye makabati matatu, unajua siku watu wanapopigana.

Najua pingamizi zitakazokuja mezani kwako. Utaambiwa ni siri ya biashara, lakini mpaka wa kibali si siri, ni ardhi ya umma iliyogawiwa kwa niaba ya umma. Watasema data haijakamilika. Ofisi moja niliyowahi kuomba data ilinijibu hivyo, ikanipa PDF ambayo haina hata gridi. Data haikamiliki ikiwa imefungwa, wekeni na tarehe ya mwisho ya kusahihishwa na namna ya kuripoti kosa, watu watasahihisha. Pingamizi moja ni la kweli na nalikubali kabisa: sehemu walipo wanyama wanaowindwa na mimea adimu inayoibwa zisitolewe, hata kidogo, hizo wabaki nazo walinzi.

Na lipo jingine ambalo linaniuma zaidi. Malisho ya jamii, misitu ya vijiji, chemchemi ambazo watu wamezitunza miaka yote, mara nyingi hazina mstari wowote kwenye ramani yoyote, kwa hiyo kwenye kompyuta zinaonekana eneo tupu na eneo tupu ndilo linalopewa mwekezaji. Mkifungua vibali peke yake bila kuchora haya, mtakuwa mmewapa nguvu wale ambao tayari wana karatasi. Hayachorwi kutoka ofisini. Inabidi kutembea na wazee na wachungaji, wanawake wanaochota maji, simu yenye GPS mkononi, wakionyesha huu mti ndio mwisho wetu na ile korongo ndiyo njia ya ng'ombe wakati wa kiangazi, halafu ramani irudishwe kwao waikubali au waikatae kabla haijaingia kwenye mfumo.

Mheshimiwa, sikuombi bajeti kubwa. Anza na leya ya vibali vya kuvuna misitu, ambayo iko chini ya mamlaka yako mwenyewe na haihitaji ruhusa ya wizara nyingine. Kila kibali kipya kuanzia sasa kisitolewe bila kodineti za kona zake zote kwa WGS 84, na vya zamani viingizwe taratibu kwa kuanza na vile vinavyopakana na hifadhi. Tutangazie nani ndani ya wizara anahusika na hiyo leya na inatoka tarehe gani. Tukishajua tarehe, wengi wetu huku tuko tayari kukagua kila mstari bila malipo.

Wako katika kazi,
Mtu wa ramani