Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa stempu, wazee wetu, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, salaam sana.

Kama katiba yetu inavyotaka, nawasilisha taarifa ya mwaka 2025 kabla ya mkutano mkuu. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na orodha ya wanachama hai ipo kwa katibu, kwa hiyo hayo sitayagusa. Nitazungumza zaidi juu ya stempu zenyewe, na juu ya mwelekeo ambao kamati inaomba chama kiufuate.

Habari kubwa ya mwaka kwa mkusanyaji yeyote imetoka Denmark. Tarehe 30 Desemba shirika la posta la PostNord lilipeleka barua zake za mwisho nchini humo na kufunga huduma ya barua iliyoanza mwaka 1624. Masanduku mekundu ya barua yapatayo 1,500 yalianza kung'olewa mitaani tangu Juni. Sababu yao ni moja: watu hawaandikiani. Tangu mwaka 2000 barua za kule zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na hizo chache zilizobaki sasa zinapelekwa na kampuni nyingine. Tangazo lilipotoka mwezi Machi, wapo miongoni mwetu waliodhani ni uvumi. Mzee wetu mmoja wa Upanga alikuja kikaoni na albamu yake ya Denmark, ambayo ameijaza kwa miaka mingi, akatuonyesha kurasa tupu alizokuwa ameziacha kwa ajili ya matoleo yajayo. Denmark ilianza kutoa stempu mwaka 1851, na albamu ile ndiyo inafungwa hivyo.

Hapa kwetu hatujafika huko. Utaratibu wetu nao ni mwingine. Barua zetu zinakwenda kwenye sanduku la posta, haziletwi mlangoni, na shule, mahakama na ofisi nyingi bado zinaandikiana kwa S.L.P. Hata hivyo tukubali kwamba bahasha yenye stempu imekuwa adimu. Barua nyingi za ofisi zinagongwa malipo kwa mashine, na ndugu aliye Songea akitaka kukusalimia anapiga simu. Stempu inayofanya kazi yake ya asili inatoweka wakati sisi tunaangalia, na sidhani kama kuna mtu mwingine mjini hapa anayeitunza.

Kwa hiyo jambo ambalo kamati imelisukuma mwaka mzima kuliko mengine yote ni hili: tukusanye stempu iliyosafiri, tena pamoja na bahasha yake. Baadhi yenu mmelipokea kwa mashaka, na hoja zenu nimezisikia. Naomba niwakumbushe kilichotokea kwenye kikao cha Mei.

Mama mmoja, mwanachama wetu wa Temeke, alileta kopo la biskuti lenye barua za marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa reli. Ndani mlikuwa na bahasha za kila aina, na mikono yote ikaenda kwenye zenye stempu safi. Iliyozungushwa mezani kuliko zote ilikuwa ya kahawia, imechakaa pembeni, ina ile mistari ya bluu iliyokatizana ya barua ya rejista. Stempu yake ni ya Tanzania, moja ya vipepeo vya toleo la mwaka 1973. Muhuri ni wa Kisumu. Kijana mmoja alisema basi karani wa posta alikosea, kwa nini stempu ya Tanzania igongwe Kenya?

Hakuna aliyekosea. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, na hata kabla yake, posta ilikuwa moja, na stempu zetu za kawaida, kuanzia toleo la kwanza la Desemba 1965, kisha samaki wa 1967, kisha vipepeo hao, zilikubalika pia Kenya na Uganda. Huenda mzee alinunua stempu hapa Dar, akawa nazo mfukoni safarini, akaiandikia familia kutoka Kisumu. Nyuma ya bahasha upo muhuri wa kupokelewa, na tarehe inasomeka. Ukiikata stempu ile ukailoweka kwenye maji, unabaki na kipepeo ambaye kila muuzaji wa stempu duniani anaye, kwa bei ya karanga. Ukiiacha ilipo, umeshika ushahidi wa namna watu walivyoishi kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Yule mama alikuwa amepanga kuzikata zote. Hakukata hata moja, na kazi ya kuzipanga kwa miaka na kwa vituo imeshaanza.

Kanuni tuliyokubaliana siku ile naiandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuambiwa: bahasha nzima isikatwe, iwe ya mwaka 1950 au ya juzi. Stempu ambazo zimeshakatwa zamani ndizo za kulowekwa, na hata hizo tuangalie kwanza muhuri. Na za kisasa zenye gundi ya kubandua nyingi hazitoki kwa maji. Ukilazimisha unaichana stempu. Hizo kata karatasi kuizunguka, uache nafasi pande zote, uiweke hivyo hivyo.

Sasa matoleo mapya ya dunia. Najua wengi mnaingia chamani kwa ajili ya hayo, na sina nia ya kuwazuia. Uingereza, waliobuni stempu ya kubandika mwaka 1840 na ambao mpaka leo hawaandiki jina la nchi yao juu yake, wamebadilika sana. Stempu zao za kawaida sasa zina msimbo wa kusomwa na mashine pembeni, kila moja na wake, na zile za zamani zisizo na msimbo zilikoma kutumika tarehe 31 Januari 2023, isipokuwa za Krismasi na za picha za matukio maalumu. Za Mfalme Charles zilianza kuuzwa tarehe 4 Aprili 2023. Kwa mkusanyaji hizi ni stempu nzuri kufuatilia, maana zinabandikwa kweli, zinapita kwenye mashine, zinafika. Wenye jamaa London waombeni wawatumie barua badala ya kuwanunulia pakiti.

Stempu ninayoiweka juu kuliko zote za miaka hii ni ile ya Ukraine ya tarehe 12 Aprili 2022, ya askari aliyesimama ufukweni akiitukana kwa kidole manowari ya Urusi. Siku mbili baadaye manowari Moskva ikazama, na watu wa Kyiv wakapanga foleni posta wakati nchi yao iko vitani. Hapo unaona kipande cha karatasi kikibeba hisia za taifa zima. Kijana wetu wa Mbagala ana moja iliyogongwa muhuri, na kamati imemwomba ailete kwenye maonyesho.

Matoleo ya vituko nayo yapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bhutan ilitoa stempu ambazo ni santuri ndogo, ukiziweka kwenye gramafoni zinapiga. Austria mwaka 2019 ikatoa ya kwanza iliyofungamanishwa na teknolojia ya sarafu za kidijitali. Watoto wanazipenda na ni mlango mzuri wa kuwaingiza. Ila mtu mzima anayetumia fedha ya ada ya shule kununua vitu hivyo namshauri apunguze.

Hili linanileta kwenye jambo linaloniuma zaidi. Tangu miaka ya 1980 stempu nyingi zimechapishwa nje zikiwa na jina la Tanzania kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo: dinosauri, watu mashuhuri wa Ulaya na Marekani, mambo ambayo hayana uhusiano wowote na maisha yetu. Nyingi kati ya hizo hutazikuta kwenye barua yoyote iliyotoka Tukuyu au Bukoba. Tanzania haiko peke yake katika hili. Nchi nyingi ndogo na maskini zimefanya hivyo kupata fedha za kigeni, na siwalaumu waliotafuta kipato. Lakini mtoto wa Kitanzania akifungua katalogi, kile kitabu cha orodha ya stempu, na kukutana na kurasa na kurasa za namna hiyo, atajifunza nini kuhusu nchi yake? Halafu zipo stempu haramu kabisa, zinazochapishwa na watu binafsi kwa majina ya nchi ambazo hazijui lolote. Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukitoa waraka baada ya waraka kuzikana, na tangu mwaka 2002 kuna mfumo wa kuzipa namba stempu halali ambazo nchi zenyewe zimeziwasilisha. Kabla hujanunua shiti la stempu la kuvutia mtandaoni, tafuta kwanza kama limo kwenye katalogi inayoaminika.

Bahasha iliyopita posta hailetwi na wakala wa nje. Inatoka kwenye makabati na makopo ya nyumba zetu, na mwenye nayo akifariki, vijana wanachoma.

Kubadilishana na wenzetu wa nje kulikuwa kugumu kuanzia Agosti. Tarehe 29 Agosti Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani ndogo, na Umoja wa Posta Duniani ukaeleza kwamba siku hiyo posta iendayo Marekani kutoka duniani kote ilishuka kwa asilimia 81, huku mashirika 88 yakisitisha huduma zote au sehemu. Wenye washirika kule wavumilie, na watume barua za kawaida zenye karatasi tu. Wamarekani wenyewe wametimiza miaka 250 ya posta yao mwezi Julai, na Mei 2026, kuanzia tarehe 23 hadi 30, mji wa Boston utakuwa mwenyeji wa maonyesho ya stempu ya dunia. Hatuna uwezo wa kwenda. Mwenye ndugu pale amwombe amtumie postikadi yenye muhuri wa maonyesho.

Juu ya utunzaji nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu masika yanakuja. Mnaijua habari ya stempu za Wuga: mwaka 1916, Wajerumani walipoishiwa stempu vitani, walichapisha zao kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, ambayo wao waliiandika Wuga, kule Usambara. Zilikuja kufukiwa ardhini Mohoro, Rufiji, zisitekwe na Waingereza. Zilipofukuliwa mwaka 1921, nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Kinachotokea ndani ya kabati la Kariakoo au Kinondoni mwezi wa Aprili ni kilekile, polepole tu. Gundi inalainika, stempu inashika ukurasa, kisha yanatokea madoa ya kahawia yasiyotoka tena. Albamu zisimamishwe, zisilazwe moja juu ya nyingine. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu visitupwe, viwekwe kabatini na vibadilishwe. Mifuko laini ya plastiki ya bei rahisi inayonuka msiitumie kabisa. Na siku ya jua kavu, fungueni albamu kivulini zipate hewa. Stempu zishikwe kwa kibano, maana jasho la vidole nalo ni unyevu.

Kwa upande wa vijana tumepiga hatua. Waliotembelewa shuleni waliguswa zaidi walipoambiwa kwamba Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946, alikusanya stempu utotoni kama baba yake, na kwamba albamu yake ipo kwenye makumbusho ya posta London. Baada ya hapo tuliwapa kila mmoja bahasha, stempu na anwani ya mwanafunzi wa shule nyingine, tukaenda nao Posta Mpya wakabandike na kutumbukiza wenyewe. Wengi ilikuwa mara yao ya kwanza. Majibu yalipoanza kurudi kwenye sanduku la shule, mwalimu alituambia walikuwa wakiuliza kila asubuhi. Naiona hii kuwa kazi bora tuliyoifanya mwaka huu, na naomba iongezewe fedha.

Kikao cha mwisho wa Oktoba hakikufanyika. Aliyekuwa Dar siku zile anajua sababu. Mnada wa ndani ulisogezwa hadi Desemba na ukaenda salama.

Kwenye mkutano mkuu mtaombwa kuamua mambo mawili. La kwanza, sehemu ya fedha iliyokuwa ikinunua katalogi mpya kila mwaka itumike kununua bahasha za zamani za Tanganyika, Zanzibar na Tanzania, ziwe mali ya chama; katalogi tutumie tulizonazo kwa miaka michache. La pili, ada ya wanafunzi ifutwe. Kamati inaunga mkono yote mawili.

Nafasi ya mtunza mkusanyiko iko wazi, na mwenye nia amwone katibu kabla ya mkutano. Kila mwanachama anaombwa aje na bahasha moja nzima kutoka nyumbani kwake, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya bahasha yenyewe, ilitoka kwa nani na ilipatikana wapi.

Wenu,
Mwenyekiti
Dar es Salaam